Chupa ya Nne na Chupa ya Tisa

4 Machi

Shikamoo baba,

Mgongo unaendeleaje na kusimama kutwa pale dukani kwako ukinyoa watu? Mimi mzima, furaha tu hainiachi nikae chini.

Uliniuliza nafanya kazi gani hasa, nikakujibu juu juu. Sasa sikia. Nafuga mwani wa baharini, si ule unaonasa miguuni. Huu ni mdogo kiasi kwamba tone moja lina maelfu. Viumbe hawa hujijengea magamba ya chokaa, ya mviringo, kama yamechongwa na sonara. Wanajengaje? Ndani yao kuna jeni, yaani maagizo ya kazi. Yote yapo siku zote, ila mengine yameamka, mengine yamelala. Nusu ya chupa zangu nimetia maji yenye kalsiamu, madini ya kujengea chokaa, wakavaa magamba. Nusu nyingine maji hayana, wakaishi uchi. Kisha nikapima ni jeni zipi zimeamka kwa wenye magamba tu.

Baba, nimeipata moja! Profesa wangu alivua miwani, akaivaa tena, akasema, "Hii inakwenda kwenye jarida wiki hii."

Picha ya mmoja wao hiyo hapo.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika kama kawaida yake. Mdomo ndio haupumziki. Picha nimeibandika juu ya kioo. Mteja akishafungwa kitambaa shingoni hana pa kukimbilia, atanisikiliza tu. Fundi viatu jirani kaja kunyolewa mara mbili wiki hii na nywele hana. Jana akauliza, "Sasa hiyo jeni ikiamka inafanya nini?"

"Inajenga," nikamjibu. "Na binti yangu ndiye wa kwanza kuiona."

Zaidi ya hapo sijui kitu, lakini nilivyolitamka neno hilo, hata mimi nilijiogopa.

Baba yako

3 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini hamjambo. Afya ninayo, moyo ndio hauko sawa.

Ile jeni siyo. Nilikuwa napitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa, nikakuta orodha ya siku ya kuvuna mwani hailingani na ile ya mwanzo: nilibandika lebo ya chupa ya nne kwenye ya tisa, na ya tisa kwenye ya nne. Wenye magamba wakahesabiwa kuwa uchi, na walio uchi kuwa na magamba. Chupa zilikuwa chache, hizo mbili zikatosha kupotosha kila kitu. Nilipozirudisha mahali pake, jeni ile imeamka sawasawa kote.

Hakuna mwingine ambaye angejua. Nilikaa na daftari mapajani mchana mzima, halafu nikaenda kugonga kwa profesa. Akasoma. "Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe."

"Basi andika barua ya kuiondoa ripoti kabla haijachapishwa. Uiandike wewe."

Leo nimeituma. Naanza upya. Najua umeshawaambia watu, baba. Niwie radhi. Ibandue ile picha.

Mwanao

27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wazima. Umesubiri jibu karibu miezi miwili, na ukipiga simu nazungumzia mvua. Nakiri, niliona aibu. Picha niliitupa kwenye droo ya nyembe butu. Mteja akiuliza, nawasha mashine.

Jumamosi duka limejaa, fundi viatu akaanza, "Vipi ile jeni?" Nikazima mashine. "Haikuwa yenyewe. Binti yangu alikosea lebo."

Mmoja kwenye benchi akacheka. "Kumbe walimkamata!"

Nikamgeukia. "Nani amkamate? Hakuna aliyejua! Kajikamata mwenyewe, akaenda kwa mkubwa wake kwa miguu yake."

Fundi viatu akasema, "Mimi nina miaka thelathini kwenye kazi hii. Sijawahi kumwambia mteja kuwa nilikosea mimi. Siku zote nasingizia ngozi."

Nilipojisikia nikisema yale ndipo nikaelewa mtoto niliye naye. Nisamehe kwa kunyamaza.

Baba yako

14 Novemba

Shikamoo baba,

Sijui nianzie wapi, hata salamu naona zinanichelewesha. Nimerudia mara tatu, chupa kumi na mbili kila mara. Lebo tunabandika wawili, mmoja anasoma, mwingine anaandika. Jeni ya kwanza haikurudi. Imejitokeza nyingine, ambayo mwanzo hata sikuitupia jicho. Kujenga gamba huacha asidi ndani ya kiumbe, na isipotoka inamdhuru. Jeni hii hutengeneza mlango wa kuitolea nje. Kwa wenye magamba imeamka, kwa walio uchi imelala. Mara zote tatu, baba!

Juzi nilisimama ukumbini mbele ya wataalamu. Nilianza na kosa langu. Nilipomaliza, akasimama mama mmoja mwenye mvi, ambaye vitabu vyake ndivyo tulivyosomea. Nikajua nimekwisha.

"Nina swali moja," akasema. "Vijana wa maabara yangu wanaweza kuja kwako kujifunza kubandika lebo?"

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha makofi. Profesa ndiye aliyetangulia kusimama.

Mwanao

30 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako nimeisoma kwa sauti mteja akiwa kanyolewa upande mmoja. Akasema, "Nywele zitangoja, rudia pale pa mlango." Nikarudia.

Alhamisi nafunga duka siku tatu, kitu ambacho sijawahi kufanya. Nakuja. Nataka niwaone viumbe wako kwenye hadubini kwa jicho langu, wenye magamba na walio uchi. Usiniambie chupa ipi ni ipi. Nitatazama mwenyewe, na nikikosea nitasema.

Baba yako