Bakuli la Buluu

Kibomet, Kitale
Aprili 2008

Mpendwa Mama Kipkemboi,

Nakusalimu wewe na majirani wa Lugulu. Huku mvua imeanza, na ghalani ninakofanya ukarani mahindi yamepungua. Binti yangu Viola ameota jino.

Mama, Kipkemboi alikamatwa na polisi wiki iliyopita, pamoja na vijana wengine wa mlimani, wakishukiwa kuwa wapiganaji. Nilienda kituoni kumtetea, nikasema tulitahiriwa msimu mmoja, yeye ni ndugu yangu. Askari akacheka: "Ati Mbukusu analilia Msabaot? Si hao ndio wanawamaliza, bana?" Niliogopa, nikatoka nje.

Nimekuwa nikimpelekea chakula katika lile bakuli lako la buluu. Kila jioni lilirudi na kitu ndani, kifungo cha shati au kijiti cha kiberiti. Hata korokoroni alikumbuka ulivyotufunza kwamba chombo cha watu hakirudishwi kitupu.

Jana waheshimiwa wa pande zote zilizokuwa zikipigana walishikana mikono uwanjani, wakasema sisi ni kitu kimoja. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, nikakimbia kituoni na ugali na maharagwe bakulini, nikidhani watamwachilia.

"Huyo hayuko hapa," askari alisema bila kuniangalia. "Alienda wapi, afande?" Akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Usije kwanza, mama. Barabarani wanauliza watu majina, wajue kabila. Kesho nitaenda tena kuuliza, ingawa naogopa. Vifungo vyake nimeviweka.

Bakuli lilirudi limejaa.

Mwanao,
Wekoye