Moto Chini ya Sikio

Kituo cha Mifugo,
Nyeri.

Kwa Baba,

Shikamoo, na Mama shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya hapa chini ya mlima imenipa kikohozi kisichoua wala kuondoka. Goti lako linasemaje? Nimesikia kwamba siku hizi unateremka shambani kwa fimbo, na ukiona watu unaificha nyuma ya mguu. Itumie tu, Baba. Fimbo si aibu. Aibu ni kuanguka mbele ya wakwe.

Wakesho dada yangu, wewe unayesoma, soma polepole ukimgeuzia Baba kwa Kidawida chetu. Naandika Kiswahili kwa sababu barua zote za huku hufunguliwa njiani, na ikiwa ya Kidawida hulala posta mpaka apatikane mtu wa kuielewa. Hii sitaki ilale. Na huyo anayeifungua aisome mpaka mwisho, hakuna neno humu ninalomficha.

Baba, nina ombi moja. Nitalisema kwanza, kisha nieleze lilikotoka. Watakuja askari, au bwana mifugo, au wote pamoja, kukuuliza kama wewe huchoma ng'ombe kwa chuma cha moto chini ya sikio akifura tezi. Sema ndiyo. Najua umezoea kusema hapana.

Sasa sikiliza.

Mliponiuliza kazi yangu ni ipi nilijibu kwa mkato kwamba naosha vioo kwa daktari wa mifugo. Mama akafurahi kwamba mwanawe amepata kazi safi. Si safi sana, Mama. Mnyama akifa na isijulikane kafa kwa nini, huletwa hapa viungo vyake, ini, bandama, mapafu, matezi. Kwa kila kiungo mimi hukata kipande kidogo kama punje ya mahindi, nikakitia katika fomalini, dawa inayotoa machozi kuliko kitunguu, ili kisioze. Kikikaza nakihamishia kwenye spiriti, kwanza nyepesi, kisha kali, kisha kali zaidi, mpaka maji yote yakitoke. Halafu nakizika ndani ya nta ya moto. Nta ikipoa nafunga kidonge hicho kwenye mashine yenye kisu, nazungusha mpini wake, na kisu kinatoa vipande vyembamba hata ukipumua karibu vinaruka. Sasa mwajua kwa nini kikohozi hiki kinaniudhi. Vipande hivyo navilaza juu ya kioo na kuvitia rangi, zambarau na waridi, na Daktari anavitazama kwa darubini, ile ya kukuza vitu vidogo. Kilichomuua mnyama kinaonekana humo.

Kazi yote hiyo huchukua siku kadhaa, wala haiharakishwi. Ukitoa nyama kwenye spiriti kabla ya wakati wake, inasagika chini ya kisu na umepoteza kila kitu. Hilo ndilo lililowaudhi wakubwa.

Huku, kwa sababu ya vita vya msituni, watu wametolewa kwenye nyumba zao na kuwekwa katika vijiji vipya vyenye handaki pande zote. Ng'ombe nao wamekusanywa kutoka kila kilima na wanalala boma moja, wakilindwa na homugadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali. Katika kijiji kimoja upande wa Naro Moru, anayewakama na kuwatunza ni mwanamke mmoja. Wanamwita Nyina wa Wangari, yaani mama yake Wangari. Mumewe yuko kizuizini. Wapi, sijui, na sidhani kama yeye mwenyewe ameambiwa.

Ng'ombe wakaanza kufa bomani. Walikufa wa watu wadogo, pakawa kimya. Kisha akafa ng'ombe wa maziwa mengi wa hedimani, yaani mkuu wa kijiji, akaacha ndama. Hedimani alipomgeuza kichwa akaona jeraha la mviringo chini ya sikio, limeungua. Basi, ikawa kelele. Hapa kuna habari kwamba watu wa msituni huua ng'ombe kwa kumpasua ngozi na kumpaka utomvu wa mti wenye sumu. Askari waliitwa, na Nyina wa Wangari akachukuliwa siku hiyohiyo. Baba, hili si kosa la kuchapwa viboko na kurudi nyumbani. Kwa mambo ya namna hii siku hizi watu wananyongwa.

Kichwa cha ng'ombe kililetwa kwenye gunia, na viungo vya ndani kwenye debe. Mimi ndiye niliyefungua gunia. Ile alama niliijua kabla sijaigusa. Ukubwa wa senti kumi, chini kidogo ya sikio, katikati ya tezi iliyofura. Kama ungekuwa Nyeri ningesema ni mkono wako. Nilinyamaza. Niliogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa, kwa sababu mgeni huku hajui ni neno lipi litamgeukia. Hata mimi mwenye pasi yenye mhuri husimamishwa njiani na kuulizwa naficha nini chini ya kofia.

Daktari aliniagiza nikate ngozi na tezi kwa pamoja, kipande kimoja, ili aone moto ulifika wapi na chini yake kuna nini. Nikakata. Inspekta wa polisi akawa anakuja kila asubuhi.

"Tayari?"

"Bado, Bwana. Iko kwenye spiriti."

Kesho yake, "Tayari?"

"Bado, Bwana. Iko kwenye nta."

Mwisho akapiga meza. "Hii nyama nangoja nini?" Daktari akamjibu kwa Kiingereza kwamba nyama haipokei amri, hata ya Gavana. Inspekta hakucheka.

Wakati nyama iko kwenye nta, Daktari alinituma kituo cha polisi, pamoja na askari, nikamuulize yule mama alimfanya nini ng'ombe. Nilimkuta ameketi sakafuni, amenyoosha miguu, shuka begani. Si mzee, ila amekonda. Nilipomweleza natoka wapi alianza kusema kabla sijamaliza.

"Mimi nilichoma. Nimewaambia hawa watu nilichoma! Hiyo ng'ombe matezi ilikuwa imefura, haikuri, inapumua kama mtu amepanda mlima. Baba yangu alichunga ng'ombe ya mzungu huko Laikipia, na Wamaasai walimuonyesha, ikifura, choma. Ati sumu! Sumu nitatoa wapi, na hata choo naenda na gadi?"

Askari aliyekuwa nami akacheka, nami nikacheka. Nikaandika alivyosema. Nilipoinuka aliniuliza, "Na hiyo ndama, nani anaipatia maziwa?"

Nikasema sijui.

"Basi uliza," akaniambia, kama mtu aliyezoea kutuma watu. Nimeuliza. Ananyonya kwa ng'ombe mwingine.

Kioo kilipokuwa tayari Daktari alikitazama kwa muda mrefu, kisha akaniita nami nitazame. Ndani ya chembe za tezi mlikuwa na vidoa vya buluu vimejazana kama mbegu ndani ya pera. Hivyo ndivyo homa ya kupe inavyoonekana ukiikuta kazini. Vilikuwa kwenye tezi, vikawa kwenye bandama, ini na mapafu. Ngozi ilikuwa imeungua kwa moto tu, na kandokando ya jeraha nyama mpya ilikuwa imeanza kuota, maana yake ng'ombe aliishi siku kadhaa baada ya kuchomwa. Sumu ingeozesha nyama ya chini. Hapakuwa na uozo. Daktari akaandika kwamba ng'ombe amekufa kwa homa ya kupe, na kwamba kupe hao walisambaa ng'ombe wa vilima mbalimbali walipowekwa boma moja. Nilifurahi sana, Baba. Nilisimama pale na kioo mkononi nikidhani yamekwisha.

Inspekta alisoma ripoti mpaka mwisho. Kwa haki yake nasema, aliisoma yote. Kisha akaiweka mezani.

"Sawa. Hii ngombe gonjwa. Lakini ngombe gonjwa naweza kupata sumu pia. Mimi nataka jua, hii moto ya nini? Hedimani nasema hapa hapana mtu nachoma ngombe. Kijiji yote nasema hapana."

Kijiji kizima kingesema nini? Anayesema "hata mimi huchoma" ataketi sakafuni kando ya yule mama. Na huenda hawasemi uongo, kwani yeye alijifunzia mbali. Daktari mwenyewe ni mgeni katika nchi, hajawahi kuona jambo hilo. Akanigeukia akaniuliza taratibu kama mimi nimewahi kuliona mahali popote.

Inspekta naye akageuka. Kikohozi kilinishika wakati huo, nikakohoa mpaka machozi, na wote wawili wakaningoja.

Nikasema, "Ndiyo. Baba yangu huchoma."

"Baba yako iko wapi?"

"Taita, Bwana."

Akatoa kalamu. Akaandika jina lako, jina la chifu wetu, jina la mlima wetu, na jina langu. Akasema atapeleka habari Voi, watu wa Voi wapande wakakuulize wewe mwenyewe. "Mzee akisema ndiyo, mama natoka. Akisema hapana," akafunga kalamu, akaniangalia. Hakumaliza maneno yake, na sikumwomba amalize.

Ndiyo habari yote. Sasa mawili yaliyo mazito kwangu kukuambia.

La kwanza ni bwana mifugo wa kwetu. Najua amekataza kuchoma kwa sababu ngozi zinaharibika, na najua alimpeleka jirani mahakamani. Nimemuuliza Daktari kama ukikiri utashtakiwa. Amesema hapana, na ameandika karatasi ya kusema hivyo. Lakini sitakudanganya, Baba. Karatasi ya Nyeri ni ya Nyeri. Sina hakika kama itafika Taita mbele ya askari, wala kama itasikilizwa ikifika. Huenda ukapata taabu kwa ajili ya mwanamke usiyemjua, wa kabila usilolijua, na kwa ajili ya mdomo wa mwanao. Nimeupima mzigo huo, na bado nakuomba uubebe.

La pili litakuuma zaidi, na heri ulisikie kwangu. Kuchoma hakuponyi. Nimekata tezi iliyochomwa na tezi isiyochomwa ya ng'ombe huyohuyo, na vidoa ni vilevile. Ugonjwa unakuwa umeshafika mapafuni kabla tezi haijaonekana kwa nje. Wale wetu waliopona wangepona hata bila chuma. Najua ulikuwa unakesha nao, najua mkono wako haukutetemeka ilhali macho yalikuwa mekundu, wala sisemi ulikuwa mjinga. Ulifanya kilichokuwepo cha kufanya. Hata yule mama alifanya hivyo. Kuchoma si dawa, lakini si sumu, na watu wa huku wanataka kumuua mtu kwa kutojua tofauti ya hayo mawili. Ndama mwenye kupe apelekwe josho, hata kama ni mbali na foleni ni ndefu.

Kwa hiyo sikufundishi uongo. Wakikuuliza kama ni dawa nzuri, jibu upendavyo. Wakikuuliza kama unachoma, waonyeshe chuma chenyewe, kile cha mpini wa mti kinachokaa darini juu ya meko. Waonyeshe na yule ng'ombe mwekundu, kama yuko hai, kovu lake halijafutika.

Nisalimieni shangazi wa Mwatate, mwambieni mchele alioniombea kwa Mungu sijauona huku, tunakula ugali na viazi. Nisalimieni mjomba fundi wa mabati, na mwalimu wa Jumapili aliyenifundisha kusoma. Na jirani seremala, yule mliyekuwa mkiazimana chuma, mwambieni jina lake sikulitaja, atulie. Mama, nguo za sufu ulizonifumia ndizo zinazoniweka hai, ni kweli.

Baba, utakumbuka siku bwana mifugo alipokuja nyumbani, akamshika ng'ombe mwekundu kichwa, akakuuliza hili jeraha ni la nini. Ukamwambia ni tawi la mti limemkwaruza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimekishika chuma chini ya shuka, kingali na moto, kinanichoma paja. Nikasimama vilevile mpaka mzungu akaondoka, kwa kuwa baba yangu alikuwa amesema ni tawi.

Kovu hilo ninalo mpaka leo. Nilimwonyesha Inspekta, naye akaniambia kwamba kovu la mtu si ushahidi wa ng'ombe. Anataka kinywa chako.

Mimi mwanao,
Mwakio