Kiti cha Mfalme

Shangazi yangu mpenzi,

Nakusihi, haya yaishie kwako. Mama akisikia atasema nirudi leo hii.

Mafunzo ya ukarani yanaendelea vizuri, na Jumamosi ofisi hututembeza ugenini huku tuone mambo ya kale. Juzi tulipelekwa kwenye jumba la wafalme. Viatu vipya vilinibana mno, nikaona kiti pembeni, nikakaa. King'ora kikalia. Kumbe ni kiti cha enzi!

Mlinzi akataka jina la ofisi yetu apeleke mashtaka. Nikajua nimeshafukuzwa. Mkuu wangu, yule mkali niliyekusimulia, akaja akasimama mbele yangu.

"Huyu ni mwanangu," akamwambia mlinzi. "Kosa ni langu, sikumwonyesha pa kupumzika. Andika jina langu." Kisha akanigeukia: "Na wewe mtukufu, shuka. Umetawala vya kutosha."

Leo kazini hakulitaja kabisa, alinirundikia mafaili kama kawaida. Shangazi, sijawahi kufurahia mafaili namna hii. Mwombee sana.

Usipige simu ofisini. Piga jioni kwa mwenye nyumba wangu, umwambie akuitie mpangaji wa chumba cha juu, ndiye mimi. Bado nipo kazini.

Mtoto wa kaka yako