Mayonezi Kwenye Kopo la Mtindi

Baba Mapacha,

Jodari wa mkebe yuko kwenye friji, nimeshamchuja mafuta. Mchanganye na parachichi, ndimu na kitunguu. Mayonezi usitafute, nimeitupa.

Asubuhi nilichota mtindi, nikatia kijiko kizima mdomoni, kumbe mayonezi. Umeificha kwenye kopo la mtindi, mtu mzima na ndevu zako. Daktari alisema moyo wako hautaki mafuta, hakusema mkeo hana ulimi. Tena mapacha wamekiri kwamba walikushikia kopo ukimimina.

Parachichi likiwa bado gumu, tumia mtindi. Nimenunua mwingine, na huo nimeuonja.

~~Leo usinipigie simu.~~

Nipigie ukiwa unakula, nikusikie ukitafuna. Sitaki kuwa mjane wa mayonezi.

Mama Mapacha