Mzee Gwandu Anatolewa Mchezoni

Mjukuu wangu Paskalina,

Marahaba. Hapa Bashay tupo. Bibi yako bado anakohoa, maharage tumevuna, na mimi nimechoka tu. Unauliza kama wauguzi waliokuzidi umri watakubali kufundishwa kwa mchezo.

Nikiwa kijana tulifundishwa kuchanja ng'ombe pale Maretadu. Mchezo ulikuwa huu: ukiona mwenzako amekosea, unamwambia, "Umekufa," naye anatoka. Mzee Gwandu, mkubwa wetu wa kazi aliyecheza pamoja nasi, akaacha chupa ya chanjo juani. Wote tuliona, tukanyamaza, maana mzee hakosolewi mbele za watu. Kesho yake tulitakiwa kwenda Masieda kuchanja mifugo ya watu, na chanjo iliyopata joto haikingi kitu.

Mwishowe Magdalena, mdogo kuliko wote, akasimama. "Shikamoo, mzee. Umekufa."

Mzee aliitazama chupa. "Marahaba. Nimekufa kweli," akasema, akatoka. Ndipo tukacheka, na mchezo ukaanza.

Huko Masieda mzee aliacha wazi sanduku la barafu la kutunzia chanjo. Tulimwambia watatu kwa pamoja, akalifunga.

Wauguzi wako siwajui. Muulize mkubwa wao kama yuko tayari kutoka wa kwanza.

Babu yako