Asha na Vyama vya Marekani Kijiweni

Mama Asha, salamu za Kariakoo.

Nimekukosea mke wangu, nimemkosea na mtoto. Nilisema masomo ya siasa hayaliwi, nikakukataza kuja kwenye mahafali yake.

Leo nimekaa naye kijiwe cha kahawa, wazee wanabishana. Mmoja akasema, "Marekani chama ndicho kinachompanga mgombea!"

Asha akacheka. "Zamani hiyo, babu. Siku hizi wapiga kura wa chama wanamchagua wamtakaye, wakubwa wakinuna shauri yao. Mgombea anachangisha mwenyewe, anaongea na watu kwenye simu zao."

"Kwa hiyo chama kimebaki jezi tu?"

"Jezi bado watu wanaipenda, babu. Ila kocha hana sauti."

Kijiwe kizima kicheko! Muuza kahawa akauliza, "Huyu binti wa nani?" Nikasimama haraka mpaka kahawa ikanimwagikia kwenye kanzu. "Wangu!"

Asha akanifuta kwa mtandio wake.

Andaa kitenge chako kipya. Alhamisi ijayo nakuja Lindi kukuchukua mwenyewe, Jumamosi kwenye mahafali tukae wote mbele. Akiitwa jina, wewe piga vigelegele, mimi nitasimama tena.

Wako,
Baba Asha