Sikuuona, Sheikh

Salma mjukuu wangu,

Salamu nyingi toka Mji wa Kale. Sote tu wazima. Nyanya yako agombana na paka, na paka ashinda.

Waniuliza utaandikaje bila ya kuona haya kwamba pipa lenu la zenoni, ile gesi mliyoigeuza maji, huko chini ya mlima halijaona hata chembe moja ya maada ya giza, hicho kitu kisichoonekana mnachosema kimejaa ulimwenguni.

Ujanani nilipanda juu ya paa kuangalia mwezi wa Idi. Mama alikuwa keshaumua unga wa mahamri.

"Umeuona?" kadhi akaniuliza niliposhuka.

"Sikuuona, Sheikh."

"Uliangalia sawasawa?"

"Mpaka shingo ikakakamaa."

"Basi huo ni ushahidi. Kesho twafunga."

Mama alininunia, lakini naye alifunga. Andika basi, mjukuu wangu. Ila niambie: mkingoja huko chini, taa mwazima?

Babu yako